Sekunde Nne

Madirisha ya ukumbi yalikuwa sita na mablanketi ya jeshi matano. La sita liliibwa wakati wa Pasaka, kwa hiyo kila alipoonyesha sinema mchana, Sulait alivua kanzu yake akaziba nayo dirisha la mwisho, akabaki na fulana. Joto la humo ndani halisemeki. Wanafunzi thelathini na mmoja wa chuo cha ufundi pale Malukhu, mjini Mbale, walibanana kwenye mabenchi wakinuka jasho na grisi, macho yao kwenye shuka lililotundikwa ukutani, ambako Mzungu wa ovaroli safi alikuwa akiwafundisha kusafisha mtambo wa kuchana pamba.

Sinema ilisema Kiingereza. Kazi ya Sulait ilikuwa kuipunguza ile sauti na kusema yeye, kwa Kiswahili, na pale wengine walipokunja uso, kwa Luganda. Alikuwa mtu wa Namakwekwe, amezaliwa katika nyumba ya Waislamu ambako Kiswahili kilikuwa cha kuombea chumvi, na mdomo wake ndio uliokuwa umemlisha mwaka wa tisa sasa. Wanafunzi walimpenda. Alikuwa na mzaha wake kwa kila picha, na walicheka palepale walipocheka wa mwaka jana.

Ila mmoja hakucheka. Alikaa benchi la mbele, shingo kaipinda nyuma, akiutafuta mdomo wa Sulait gizani.

Huyo alikuwa Kirunda, Msoga wa miaka kumi na tisa. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua masikio akiwa darasa la tano, ikamwachia kusoma, kuandika, na sauti kubwa iliyonyooka isiyojua kushuka. Mikono yake, lakini! Fundi Balwant Singh, Kalasinga aliyefundisha karakana, alisema katika miaka ishirini hajaona mikono kama ile. Kiwanda kimoja cha magodoro kule Jinja kilikuwa kimeahidi kumchukua mwisho wa mwaka akipata cheti, na mama yake, Namukose, mjane aliyekuwa akifua nguo za watu, alikuwa amekwisha kuahidiwa chumba cha wafanyakazi Walukuba kwa jina la mwanawe. Mkuu wa chuo, Bwana Hartley, alimpenda pia kwa namna yake. Kila mgeni alipokuja alipelekwa kumwona kiziwi wetu akichonga chuma.

Tatizo lilikuwa katika dakika ya nane ya ile sinema, na tatizo hilo alilijua mtu mmoja tu.

Ndani ya mtambo wa kuchana pamba mna pipa la chuma, refu kuliko kitanda, limevikwa meno ya waya mwili mzima. Ukivuta mpini mkanda unaachia, lakini pipa halisimami. Linaendelea kujizungukia lenyewe dakika tano nzima, tena kwa kasi ambayo jicho linaliona kama limetulia. Sikio ndilo linalojua, kwa sababu lile pipa linavuma. Asiyejua hufungua kifuniko, akatia mkono kutoa pamba iliyokwama, na huo mkono usiuulize tena.

Mzungu wa kwenye sinema alijua. Filamu ilipokuja mpya alivuta mpini, akasimama, akatazama saa ya ukutani, akainama kusikiliza, akatazama saa tena, ndipo akafungua. Halafu mwaka wa hamsini na tatu utepe ulikwama mbele ya taa ukaungua palepale, na Sulait, mwenye mkasi na gundi yake, aliukata ulioungua. Tusidanganyane: alikata na zaidi. Kipande cha kungoja kilikuwa kirefu, watu walikuwa wakikohoa na kuangaliana, na nani alitaka kumtazama Mzungu amesimama? Alikitoa chote akaunga. Tangu siku hiyo Mzungu alivuta mpini, picha ikaruka kidogo, na mkono ukawa ndani ya mtambo.

Hakuripoti. Kila futi ya filamu iliyopotea iliandikiwa barua, na mtu wa barua mbili hakungoja ya tatu, alifukuzwa. Halafu, kulikuwa na ubaya gani? Alikuwa na mdomo. Kila ilipofika pale alipaza sauti: hapa ngojeni jamani, dakika tano, tegeni sikio mpaka mvumo uishe. Miaka minne ilipita hivyo na hakuna aliyepoteza hata ukucha.

Sasa, mwaka wa hamsini na saba, alikuwa na mtazamaji aliyeona picha tu.

Hatari hiyo aliigundua karakanani. Alikuwa amekwenda kuazima bisibisi, akamkuta Kirunda anafanya mazoezi kwenye mtambo uliolala. Kijana alivuta mpini, akatingisha kichwa kidogo, kitu kama kwikwi, akatia mkono. Sulait alijiuliza kwikwi ile ameitoa wapi. Alipoelewa, ilibidi akae juu ya sanduku la spana. Kijana alikuwa ameiga hata ule mruko wa picha.

Juma lile lile Sulait alivunja masanduku mawili ya chai, akapaka mbao zake chokaa, akaandika kwa rangi nyeusi. Vibao kumi na kimoja, kimoja kwa kila hatua. Mwanafunzi wa benchi la mbele alivishika kwenye ukingo wa mwanga wa projekta, Kirunda akasoma. Kibao cha nane kilisema: NGOJA. HESABU MPAKA MIA TATU. Kirunda alikisoma, akamgeukia Sulait kwa uso wa mtu aliyeambiwa jina la babake.

"Kumbe anangoja!" alisema, na ukumbi mzima ukageuka.

Vibao vilifanya kazi majuma matano. Kilichoshangaza ni kwamba hata wenye masikio walianza kuvisoma, wakawa wanajibu maswali vizuri kuliko zamani, na Fundi Balwant akaomba vya mashine ya kukerezea. Kisha akaja mkaguzi wa elimu. Alikaa nyuma dakika kumi, akaandika mambo mawili katika daftari lake: kwamba shuleni siku hizi hakuandikwi Kiswahili, na kwamba filamu iliyotengenezwa London na wataalamu inazibwa na mbao za masanduku ya chai. Kesho yake Bwana Hartley aliagiza vibao vyote vipelekwe jikoni. Mpishi aliviwasha vikaivisha posho, ule ugali wa wanafunzi. Kirunda alikiwahi kimoja, cha nane, akakificha chini ya nguo katika sanduku lake la bati.

Mtihani ulikuwa Novemba. Bwana Hartley alikuja mwenyewe na saa yake ya kusimamisha. Mtambo uliwashwa, pamba ikakwamishwa makusudi, na wanafunzi wakaitwa mmoja mmoja. Wenzake walisikia mvumo ukififia wakaanza kunyoosha mkono mapema kidogo, wakijipendekeza kwa saa. Kirunda alivuta mpini, akarudi hatua moja, akakunja mikono. Midomo yake ikawa inacheza.

Bwana Hartley alingoja, akatazama saa, akauliza huyu anafanya nini. Balwant alijibu kwa sauti ya chini. "Bwana, yeye nahesabu."

"Hesabu nini?"

"Nangojea pipa simama, bwana."

Mkuu alisema haya anayaona kwa mara ya kwanza. Watu wa kiwanda wamemwandikia barua mbili wakilalamika kwamba mafundi wa Malukhu ni wazito, na sasa ameona uzito wao unatoka wapi. Aliamuru sinema iletwe. Mablanketi yakapandishwa, kanzu ikatundikwa, na Bwana Hartley akasimama kando ya shuka na saa mkononi. Kutoka mpini mpaka kifuniko alipata sekunde nne. Aliirudisha mara ya pili akapata nne tena.

Sulait alimfuata ofisini. Njiani alikuwa amepanga maneno vizuri, yakampotea yote mlangoni.

"Bwana, ile sinema ina kipande kimepotea. Yule mtu alingoja. Nimemwona mimi mwenyewe akingoja."

"Nani nalikata?"

"Mimi, bwana."

Bwana Hartley hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifungua mtoto wa meza, akatoa daftari la wahitimu, akalitia kidole polepole, mwaka hadi mwaka. Alieleza kwa utulivu kwamba watu wote hawa tangu hamsini na tatu wamepewa cheti kwa sinema hii, na chini ya kila cheti kuna sahihi yake. Sinema ikiwa mbovu, vyeti ni vibovu. Vyeti vikiwa vibovu, chuo hakipo. Je, Sulait anataka kusema chuo hakipo?

Sulait alisema hapana, bwana.

"Basi sinema ni zima. Wewe taandika hivyo, tatia sahihi. Na kuanzia leo tasoma maneno kwa karatasi, hapana ongeza yako."

"Na yule kijana, bwana?"

"Tafanya kama sinema, ama tarudi kwao. Wewe ndiyo najua kuandika kwake. Mwandikie."

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Sulait aliwaza watoto wake wanne na mke wake mwenye pumu, akatia sahihi. Kisha akatoka na sleti na chaki, akavuka kiwanja, na kila hatua aliona aibu ikimpanda kutoka magotini. Kirunda alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana akitazama uso wake, kwa maana watu wasiosikia husoma uso kabla ya kitu kingine. Sulait aliandika: Fanya kama picha. Usingoje.

Kirunda alisoma mara mbili. "Nifuate lipi?" aliuliza, kwa ile sauti yake isiyoshuka, na vijana wote kiwanjani wakaacha walichokuwa wakifanya.

Sulait aligonga sleti kwa kidole, pale palipoandikwa.

Wakati huo Fundi Balwant alikuwa amekwenda nyuma ya mtambo peke yake. Aliporudi alijifuta mikono akamwambia mkuu kila kitu tayari. Alikuwa amevua mkanda, pipa limekufa kabisa, na Bwana Hartley, ambaye hakuwahi kushika spana maishani mwake, hakujua tofauti. Kirunda alivuta mpini, akatingisha kichwa, akatia mkono. Sekunde nne. Mkuu alimpa alama za juu kuliko wote na kuamuru neno hilo liandikwe katika cheti: muda wa kusafisha, sekunde nne.

Jioni Sulait alimtafuta bwenini, akamwandikia kila kitu, kufuta na kuandika, kufuta na kuandika. Kwamba ule ulikuwa mtihani tu. Kwamba fundi alivua mkanda. Kwamba akifika Jinja angoje, angoje kila siku, hata wakimtukana. Kirunda alitikisa kichwa kuitikia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomnyima Sulait usingizi.

Barua ilikuja Februari, mwandiko safi. Mwalimu, nakusalimu. Mama anakusalimu. Tumepata chumba Walukuba, kina sakafu ya saruji. Kazini tuko mitambo ishirini, inazunguka usiku na mchana tangu umeme wa bwawa ufike. Nangoja kama ulivyosema. Lakini nyapara Odero ananionyesha cheti changu mwenyewe. Anasema chuo kimeandika sekunde nne, je, nimekuja Jinja kusinzia? Nimemwonyesha kibao, akacheka. Ameniambia nikingoja tena atanipeleka getini. Wewe unajua kuongea nao, mwalimu. Tafadhali waandikie.

Sulait aliandika barua. Aliandika kurasa tatu, akazisoma, akaona zinaanza na mkasi na zinaishia na sahihi yake, na akaziweka chini ya mkeka mpaka atakapopata maneno mazuri zaidi. Mvua za Machi zikaja. Maneno mazuri zaidi hayakuja.

Aprili chuo kilimtuma Jinja na gari la sinema. Kiwanda cha magodoro kilikuwa kimeajiri watu arobaini wapya na kilitaka waonyeshwe kabla ya kugusa mtambo. Alifika asubuhi, akaomba ruhusa ya saa moja, akaenda Walukuba kwa miguu akiuliza nyumba kwa nyumba.

Namukose alikuwa akianika mashuka ya watu. Alimtazama mgeni kuanzia viatu.

"Wewe ndiye Sulait wa vibao?"

Alikubali. Mwanamke alipiga magoti kumsalimu, kama wafanyavyo Wasoga, na Sulait angependa ardhi immeze kuliko kupigiwa magoti na yule mama. Alikaribishwa ndani. Sakafu ilikuwa ya saruji kweli. Mtungi wa maji ulikuwa pembeni, umefunikwa kwa kibao cheupe, na maandishi yake yalitazama juu. Alikataa maji.

Namukose alieleza bila kulia. Ilikuwa tarehe saba ya Machi. Siku hiyo Odero alisimama nyuma ya Kirunda tangu asubuhi, na mtambo ulipokwama mara ya tatu mwanawe hakungoja. Hospitali walimwachia kidole gumba na nusu ya cha pili. Sasa wamempa ufagio, wanasema ni huruma, na mwisho wa mwezi huruma inakwisha, na chumba kinarudi kiwandani. Fidia hakuna. Alitoa karatasi ndani ya kitambaa, Sulait akaisoma. Ilisema mfanyakazi alijiletea ajali kwa uzembe. Ilisema mafunzo yalikuwa kamili, filamu ilikuwa nzima kwa ushahidi wa mwonyeshaji mwenyewe, S. Sulait, na mfanyakazi alitia sahihi katika daftari la chuo kwamba ameona na kusikia.

"Mwanangu anasema wewe ukija utawaeleza," alisema Namukose. "Anasema walimu wengine waliongea, wewe peke yako ulimwandikia. Leo asubuhi ameamka akiimba, mwalimu. Hajui kama anaimba."

Sulait alisema atasema. Aliapa, mkono kifuani. Atasema leo, mbele ya wote, ukumbini.

Ukumbi ulikuwa ghala. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magodoro mapya yaliyoegemezwa ukutani, safi sana, yakinuka pamba, na humo ndani hakukupenya hata uzi wa mwanga. Watu arobaini walikaa chini. Kila mmoja alikuwa amekwisha kutia dole gumba katika daftari mlangoni. Nyapara Odero, mtu mrefu mwenye heshima zake, alimpokea Sulait vizuri, akamletea kiti, kisha akasimama bega kwa bega naye na nakala ya karatasi ya maelezo mkononi na tochi ndogo ya kuisomea. Alisema kwa upole kwamba ofisi imemwambia afuate mstari kwa mstari, na kwamba yeye pia ana watoto, afande, tusaidiane.

Kirunda alikuwa pembeni na ufagio. Alimwona Sulait, akainua mkono wake wa kushoto kumsalimu. Wa kulia aliuweka nyuma.

Sinema ilianza. Sulait alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sauti yake aliisikia kwa mbali, imekauka. Alikuwa ameamua atasema katika dakika ya nane, wala si kabla, kwa sababu hapo ndipo neno lenyewe lilipo. Dakika ya tano ikaja. Ya sita. Aliyahesabu maneno yake kichwani: Ndugu zangu, hapa kuna kipande nilikikata mimi. Maneno saba tu hayo. Watu wamesema makubwa kuliko hayo wakaishi. Ya saba. Tochi ya Odero ilitembea juu ya karatasi bila haraka.

Mzungu alishika mpini.

Sulait alifungua mdomo. Kinywa kilikuwa wazi, pumzi ilikuwepo, na neno halikutoka, na alipokuwa bado analisukuma, kitu kikapita mbele ya taa.

Kivuli cha mkono kilijaa shuka zima. Kilikuwa na kidole gumba, nusu ya kidole, na baada ya hapo ukingo ulionyooka. Kilisimama juu ya mpini, juu ya mtambo, juu ya kifua cha yule Mzungu, palepale kwenye mruko, na hakikuondoka. Kirunda alikuwa amesimama mbele ya projekta, ameinua mkono kwenye mwanga, vumbi la pamba likielea kuuzunguka, na alikuwa anahesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano."

Watu walianza kunong'ona. Mmoja aliuliza mwenzake kama hii nayo ni sehemu ya sinema. Odero alisema huyo aondolewe, anawaharibia wageni picha, na wanaume wawili wakamshika Kirunda viwiko. Hakushindana nao. Aliendelea kumtazama Sulait na kuhesabu. Kumi na moja, kumi na mbili, mguu kwa mguu mpaka mlangoni, na kivuli kikasogea pembeni ya shuka, kikarefuka, kikatoka. Nyuma yake Mzungu alikuwa amekwisha kumaliza. Alikuwa anaonyesha pamba aliyoitoa, mikono yake miwili mizima, akitabasamu.

Mlango ulifungwa. Ile sauti isiyojua kushuka iliendelea kusikika nje ya magodoro: ishirini na sita, ishirini na saba.

"Rudisha kidogo," alisema Odero, "hawakuona vizuri. Halafu soma."

Sulait aliurudisha utepe. Mzungu alivuta mpini. Tochi ilimulika mstari, na watu arobaini walimgeukia kumsikiliza, na huko nje ilikuwa thelathini na tatu, thelathini na nne, kati ya mia tatu.

"Fungua kifuniko," Sulait alisoma. "Tia mkono."